Boti la mahari na karatasi ya saa 72

Mtoto wa kaka yangu anayeishi Brussels ndiye aliyelipia boti, kwa hiyo ndiye aliyetunga sheria. Ujumbe wake uliingia usiku kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia, mrefu kama barua ya wakili: yeyote atakayepanda boti la kutoka kwetu Goma kwenda Bukavu, upande wa pili wa Ziwa Kivu hapa Kongo, kupeleka mahari ya mdogo wake awe na cheti cha kipimo cha Covid, PCR, kisichopita saa 72. Asiyekuwa nacho abaki Goma alinde nyumba.

Ilikuwa mwanzo wa mwaka 2022. Kwetu barakoa zilikuwa zimeshashuka kidevuni zamani, na wengi walizivaa tu wakiona polisi. Tarehe 22 Mei 2021 volkano yetu ya Nyiragongo ilikuwa imetema moto, na siku chache baadaye tulipoambiwa tuhame mji, watu walijazana barabara ya Sake, wengine wakavuka kwenda Rwanda, wengine wakabanana kwenye maboti ya Bukavu, shavu kwa shavu, bila mtu kumuuliza mwenzake habari za virusi. Sasa mwambie mtu aliyepita hapo kwamba lazima aingizwe kijiti puani ndipo akale wali wa posa.

Kijana alinipigia simu kando. "Shangazi, mimi nina tiketi ya kurudi. Siku ya kuondoka wakinipima wakanikuta nayo, ndege hainipandishi. Kazi itaniponyoka." Hapo nilimwelewa. Lakini kwenye kikundi hakusema hivyo, aliamua kutufundisha. Akatuletea habari ya Diamond Princess, ile meli ya watalii iliyowekwa karantini Yokohama, Februari 2020, ikiwa na watu 3,711, na zaidi ya 700 wakaambukizwa humo humo. Kaka yangu mkubwa, ambaye watoto wote wanamwita Baba Mkubwa, alijibu kwa sauti, maneno machache tu: "Kwani mahari tunapeleka Japani?"

Mimi nikapewa kazi ya karatasi. Katika familia yetu kazi ikiwa haina sifa, huenda kwa shangazi.

Nilikaa chini nikahesabu kwa kurudi nyuma. Boti lilipangwa kung'oa nanga Jumamosi saa moja asubuhi. Saa 72 hazianzi pale unapopokea majibu, zinaanza pale kijiti kinapotoka puani. Hilo wengi hawakulijua na nililirudia mpaka sauti ikakauka. Kwa hiyo aliyepimwa Jumanne alikuwa amepoteza pesa. Jumatano kabla ya saa moja asubuhi, vilevile. Ijumaa ilikuwa kamari, kwa sababu majibu huenda yakatoka boti likiwa limefika kisiwa cha Idjwi, katikati ya ziwa. Ilibaki Jumatano mchana na Alhamisi. Nikachagua Alhamisi asubuhi. Nikamuuliza kijana: na kurudi Jumapili jioni, vyeti si vitakuwa vimekufa? Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kurudi tutakuwa tumeshachanganyika, Shangazi. Haitasaidia tena."

Kituo tulichokwenda sitakitaja. Foleni ilianza nje ukutani, juu ya mawe meusi ya volkano, na motos, pikipiki za abiria, zilikuwa zinashusha watu kila dakika. Karibu wote walikuwa wasafiri wa ndege wenye mabahasha. Sisi peke yetu ndio tulikuwa na mama mzee, viti vya plastiki na termosi ya chai.

Shida ya kwanza ilikuwa dola. Kila mmoja alijilipia mwenyewe, na mpokeaji alizipokea noti kwa macho yale yale ya wabadilisha pesa wa mtaa wa Birere: akazinyoosha, akazigeuza, akazirudisha. Mdogo wangu alikuwa na noti yenye mchaniko mdogo pembeni, usingeuona bila kuutafuta. Haikupita. Akaenda kuibadilisha barabarani, akakatwa, akarudi amenuna.

Shida ya pili ilikuwa majina. Mkongomani ana jina, ana postnom (jina la pili), ana prénom (jina la ubatizo), na kila ofisi ina mpangilio wake. Kwa wengi wetu kitambulisho ni kadi ya mpigakura, na huko kwenye kadi kuna watu walioandikwa na makarani waliokuwa na haraka. Shemeji yangu kwenye kadi ana herufi moja pungufu. Karani wa kituo, kwa wema wake, akairudisha ile herufi. Jina likawa sahihi, na cheti kikawa hakilingani na kadi. Nikamwomba aiondoe tena. Aliniangalia kama mtu anayeombwa kughushi.

Shida ya tatu ilikuwa mama yetu. Aliketi, akamtazama muuguzi na mavazi yake meupe ya plastiki, akatazama kile kijiti, akafunga mdomo na pua kwa kitenge.

"Koko, bibi, ni sekunde chache tu," muuguzi akasema.

"Wakati wa Ebola mulinipima joto kila nilipopita barrière ya barabarani. Mulininawisha mikono na maji ya dawa mpaka ngozi ikatoka. Hakuna mtu aliyenichokonoa ubongo."

"Haifiki kwenye ubongo, Koko."

"Wewe uliifuata ukaona?"

Siwezi kumlaumu. Ule mlipuko wa Ebola ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na ukaisha 25 Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 wakafa, wengi wao huko Beni, Butembo na Mabalako. Goma ilipata mgonjwa wake wa kwanza Julai 2019. Kwa hiyo Covid ilipofika nchini, Machi 2020, sisi tulikuwa tayari na ndoo zenye bomba na vipimajoto vya mkononi kila mlango. Hakuna aliyehitaji kutuonyesha jinsi ya kusalimiana kwa kiwiko. Kilichokuwa kigeni ni kijiti. Na miezi ya mwanzo hata hicho kijiti kilisafiri kuliko sisi, maana sampuli za nchi nzima zilikuwa zinasubiri maabara ya INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kule Kinshasa.

Mama alikubali baada ya kuambiwa kwamba bila karatasi hatamwona mkwe wake akipokelewa. Alipiga chafya, akamtukana muuguzi kwa Kihavu, kisha akambariki.

Ijumaa jioni majibu yakaanza kudondoka kwenye simu. Hasi. Hasi. Hasi. Mama, hasi. Shemeji, hasi, na jina limerudi na ile herufi. Halafu ya Kaka Mkubwa: chanya.

Mzee mwenyewe alikuwa mbele ya sahani ya fufu na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, anakula vizuri, hana homa, hana kikohozi. Alikuwa amekohoa karibu na Mwaka Mpya, kama nusu ya mtaa. Nilimpigia simu daktari tunayemfahamu akanieleza vizuri: PCR hutafuta vipande vya virusi, na vipande hivyo vinaweza kubaki mwilini majuma mengi baada ya mtu kupona, wakati hata hawezi tena kumwambukiza mwenzake. Kile kipimo cha haraka cha antijeni huenda kingemkuta safi. Nikayapeleka maneno hayo kwa kijana wa Brussels. Akajibu, "Shangazi, chanya ni chanya."

Tatizo ni kwamba Kaka Mkubwa ndiye msemaji wetu. Kupeleka mahari kwa Bashi, kabila la wakwe zetu wa Bukavu, si kupeleka bahasha. Kuna ng'ombe wanaotajwa na ng'ombe wanaohesabiwa kwa pesa, kuna mbuzi wa huyu na blanketi la yule, na kuna faini ndogo ndogo zinazozuliwa papo hapo. Bila mzee mwenye mdomo mtarudi mmevuliwa viatu. Kikao kikakaa mpaka usiku. Mwisho tukaamua atazungumza kwa simu, spika ikiwa imefunguliwa. Kaka hakubisha. Alisema tu, "Sawa, watoto, nimesikia," akaomba radhi akaenda kulala. Ukimya ule haukuwa wake, na nilipaswa kuulizia zaidi, lakini nilikuwa na vyeti vya kuchapisha na umeme ulikuwa unakatikakatika.

Asubuhi bandarini kulikuwa na ukungu mwembamba na harufu ya mazuti. Mlinzi alitupima joto kwenye paji la uso, tukanawa maji ya klorini, basi. Upande wa bandari hayo ndiyo yaliyotakiwa. Vyeti vilikaguliwa na kijana wetu mwenyewe, amesimama kwenye ubao wa kupandia na orodha mkononi, barakoa mbili usoni. Alisoma jina, akasoma saa ya kipimo, akatazama sura. Shangazi mmoja wa upande wa mama yao aliitwa mara mbili kwa sababu picha ya kwenye kadi haikufanana na wigi.

Nilipokwisha kupita nikauliza jile za kuokolea, zile za kuelea majini, ziko wapi. Mabaharia wakaonyesha chini ya viti. Zilikuwapo, ndiyo, zimefungwa kwa kamba kwenye fungu moja, na kamba imepigwa fundo la kukaza. Nikasema sitakaa. Aprili 2019 boti lilizama pande za Kalehe, watu zaidi ya mia wakapotea, na Rais Tshisekedi alipokuja kuwafariji wafiwa aliagiza kwamba kila abiria wa ziwa hili avae jile. Ziwa Kivu lina kina cha karibu mita 480. Huko chini hakuna anayekusubiri ila gesi ya methani. Tulikuwa tumehangaika juma zima kwa ajili ya pua zetu, na kitu ambacho kwa hakika huua watu kwenye maji haya kilikuwa kimefungwa fundo. Baharia akakata kamba kwa kisu. Tulichelewa kidogo, na kuna walionung'unika kwamba jile zitakunja vitenge. Zikunje.

Safari yenyewe ilikuwa nzuri mno kuliko matayarisho yake. Wavuvi wa sambaza walikuwa wanarudi, mitumbwi mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wakiimba kwa kupokezana. Goma ikabaki nyuma na mlima wake na moshi wake. Kulia milima ya Masisi ikawapa zamu milima ya Kalehe, kushoto Idjwi ikajitandaza kwa muda mrefu, na migomba yake imeshuka mpaka majini. Kijana alikaa nyuma kabisa, penye upepo, mbali na watu. Madirisha yote yafunguliwe, ndivyo alivyoagiza. Kisha mvua ya Kivu ikaja bila kubisha hodi, ikapiga ubavuni, na ndani ya dakika moja madirisha yalikuwa yamefungwa na mwenye sheria alikuwa amebanwa katikati ya mama yetu na masanduku ya bia, miwani imejaa ukungu. Mama akamvua barakoa moja. "Moja inatosha, mjukuu wangu. Utazimia."

Tulipopita mbele ya Kalehe wanawake wawili walifanya ishara ya msalaba. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Bukavu ilitokea jua likiwa limerudi, mji uliokaa juu ya vidole vyake vya ardhi vilivyoingia ziwani. Nilikuwa nimeshika simu, najaribu kama mtandao unashika ili tumjulishe Kaka Mkubwa ajiandae na spika. Simu yake ikaita. Ikaita pia hapo gatini.

Alikuwa amekaa kwenye benchi la bandari, suti ya kijivu, fimbo mkononi, kashne, yaani barakoa, chini ya kidevu, anakula karanga.

Alikuwa amepanda boti la usiku la abiria. Baada ya kikao cha Ijumaa hakwenda kulala. Alikwenda bandarini, akakata tiketi yake kama mtu yeyote. "Wamenipima joto," akatueleza kwa utulivu, "wamenipa maji ya klorini, wamesema karibu mzee. Nimelala chumba changu peke yangu, mlango nimefunga. Nimefika saa kumi na mbili."

Sitamtetea. Chumba alilala peke yake, lakini kwenye ngazi na kwenye foleni alikuwa na watu, na hakuna aliyejua. Kijana alibaki kwenye ubao wa kushukia, hashuki wala harudi. Alisema kwa Kifaransa maneno ambayo mtu hamwambii baba yake mkubwa. Kisha akamwamkia, kwa mbali, akiwa ameinamisha kichwa, kwa sababu ni mtoto aliyelelewa.

Huko kwa wakwe, pale Ibanda, tulipanga upya viti. Kaka Mkubwa aliwekwa uani chini ya mwembe, peke yake, barakoa imepandishwa juu ya pua, na wazee wa upande wa binti wakakaa barazani. Umbali ule ukawafanya wote wapaze sauti, majirani wakatokea kusikiliza, na nadhani ulitusaidia: hakuna mzee anayependa kupunguzwa bei mbele ya mtaa mzima, lakini pia hakuna anayependa kuonekana mchoyo wa binti. Walitaka ng'ombe wanane. Kaka akasimama, akatembea kuzunguka mwembe, akawauliza kama hao ng'ombe nao wana vyeti. Kicheko kikaanzia kwa akina mama jikoni. Tukaishia ng'ombe sita, wawili kati yao kwa pesa, na mbuzi wa shangazi wa binti.

Kijana alipimwa tena kabla ya ndege, akawa hasi, akaondoka zake. Kaka Mkubwa naye bado anamwandikia kila mwisho wa mwezi kwenye kikundi, mbele yetu sote, akidai arudishiwe dola zake za kipimo, kwa kuwa boti alilopimiwa hakulipanda.