Mpishi wa shule naye afundishwe lishe

Kila bajeti ya chakula cha shule za bweni inapojadiliwa, mazungumzo huishia kwenye magunia: mahindi kiasi gani, maharage kiasi gani, na nani atayaleta. Mpishi, ambaye mikononi mwake ndimo lishe ya magunia hayo huhifadhiwa au hupotea, haulizwi wala hafundishwi, na jambo hilo linaniuma.

Chukua maharage. Katika majiko mengi niliyoingia hapa Tanzania hubandikwa makavu alfajiri, na yakichelewa kuiva hutiwa magadi. Magadi huyalainisha kweli, lakini huharibu vitamini B1, ambayo mwanafunzi anayekula ugali wa sembe kila siku anaihitaji sana kutoka kwenye maharage hayohayo, kwa kuwa kukoboa mahindi kumekwisha kuondoa sehemu kubwa ya ile iliyokuwamo kwenye punje. Mpishi aliyefundishwa huyaloweka tangu jioni, humwaga maji yale na kupika kwa maji mapya. Maharage huiva upesi, na vile viambata vya asili vinavyouzuia mwili kufyonza madini ya chuma na zinki hupungua. Mimi ningeanza na somo hili kabla ya jingine lolote, kwa sababu mpishi huiona faida yake siku ileile kwenye lundo la kuni.

Mchicha nao hukatwa kwanza ndipo ukaoshwa, kisha huchemshwa mpaka ugeuke rangi, na maji yakimwagwa huondoka na vitamini C. Uoshwe kabla ya kukatwa, uive kwa muda mfupi na utiwe mafuta kidogo, maana bila mafuta mwili haunufaiki vizuri na vitamini A. Chumvi yenye madini joto ifunikwe vizuri na itiwe chakula kinapokaribia kuiva.

Hayo hayafundishiki ukumbini kwa karatasi. Mkufunzi ashike mwiko, asimame kwenye moshi pamoja na wapishi, nao wayaonje maharage ya namna zote mbili. Tena mtunza stoo na mwalimu wa zamu wawepo, kwa sababu mpishi hawezi kuloweka chochote jioni ikiwa stoo hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri na ndoo za kulowekea hazijanunuliwa.