Pinki iliyokwenda zake

Jumapili, usiku

Leo tena nimekaa na Vincent van Gogh, yule mchoraji Mholanzi. Si kwa zile alizeti. Hizo zimechapwa mno kwenye vikombe na fulana, macho hayazioni tena. Nimekuwa nikitazama picha yake ya maua ya airisi iliyo katika jumba la sanaa la Metropolitan, New York: zambarau inayoelekea buluu, jagi, na nyuma kweupe. Picha imetulia. Watu huona humo upweke, hata kuaga dunia, kwa kuwa aliichora Mei 1890 na Julai 29 mwaka huohuo akafariki.

Mimi sikubaliani nao. Mtu huyu alikuwa anatoka. Alishakaa kama mwaka mzima katika hospitali ya wagonjwa wa akili kule Saint-Rémy, kusini mwa Ufaransa, na siku za mwisho pale akachora mashada manne: mawili ya airisi, mawili ya waridi. Tena, ule weupe si wake. Nyuma palikuwa pinki! Alimwandikia nduguye Theo kwamba hapo kijani, pinki na zambarau vinapatana kwa upole. Kwenye airisi za pili, zilizoko Amsterdam, aliweka njano ya limau makusudi ili rangi zipambane. Nyekundu aliyochanganyia haikustahimili mwanga, ikapauka kama kanga inayoanikwa juani kila siku. Hata mawaridi yanayosifiwa leo kwa weupe wake yalikuwa na pinki.

Basi huzuni yote hiyo ni kazi ya dirisha? Ningeishia hapo, ila kuna mama yake, Anna. Airisi hizi na shada moja la waridi vilibaki mikononi mwake hadi alipofariki mwaka 1907. Vincent alishatangulia, Theo akamfuata Januari 1891, Cor, kitinda mimba, akafia Afrika Kusini mwaka 1900. Watoto wa kiume wote watatu. Na rangi haipauki kwa siku moja, anayeishi nayo huenda asiitambue ikiondoka.

Mwaka 2015 Metropolitan iliyakutanisha mashada yote manne na kuonyesha, kwa kompyuta, rangi zilivyokuwa mwanzo. Airisi za pinki zimechangamka, karibu kitoto, na bila shaka ndivyo alivyokusudia. Hata hivyo mimi nazitaka hizi zilizopauka. Ninachokipenda humo ni miaka ya mama kuliko mkono wa mwanawe, na wanaojua sanaa wanicheke wakitaka.