35 kujumlisha

Juzi nilikuwa natafuta kadi ya chanjo ya kitinda mimba wangu kwenye lile kabati la chini, lile ambalo baba yao kila mwaka anasema tulipunguze. Mtoto mwenyewe akaja kunisaidia, na kama kawaida yake akaacha kutafuta akaanza kusoma. Akachomoa karatasi moja kutoka faili la kijani, akaigeuza huku na huku, akaniuliza, "Mama, huyu mbona hakumaliza?"

Karatasi ina swali moja. Fundi bomba anatoza dola 35 kwa kufika tu nyumbani kwako, halafu dola 20 kwa kila saa ya kazi. Andika mlinganyo wa gharama yote, kisha tafuta alifanya kazi saa ngapi kama ulimlipa dola 115. Chini yake, kwa penseli, kwa ule mwandiko wa kuunganisha herufi wa watu waliofundishwa kuandika zamani, kuna 35, na alama ya kujumlisha. Halafu pamefutwa, pakafutwa tena, mpaka karatasi imekaribia kutoboka. Baada ya hapo ni nyeupe.

Nilimwambia nitamweleza siku nyingine. Nimeona niwaeleze ninyi kwanza, labda maneno yatakaa sawa.

Ilikuwa Oktoba 2013, Des Moines. Wakati ule nilikuwa bado nafundisha hesabu jioni Cedar Rapids, darasa la watu wazima, na jimbo zima la Iowa, huku Marekani, lilikuwa linajiandaa kuachana na GED, mtihani wa kumpa cheti sawa na cha sekondari mtu ambaye hakumaliza shule. Mtihani ule ulianza 1942 kwa ajili ya askari waliokatiziwa shule na vita, na kwa miaka mingi watu walikuwa wanaita GED cheti chochote cha namna hiyo, kama sisi tunavyoita Colgate kila dawa ya mswaki. Toleo la 2002 lilikuwa linafikia mwisho tarehe 31 Desemba. Jipya lilikuja la kompyuta peke yake, na bei yake dola 120. Majimbo kadhaa yakatafuta njia nyingine. New York wakachukua TASC, sisi tukachukua HiSET, ulioanza kwa dola 50 kwa sehemu zote tano na ulioacha karatasi na penseli kwa anayezitaka. Siku ya kuanza ilikuwa tarehe 1 Januari 2014. Maana yake tulikuwa na wiki kama kumi na moja za kuwaandaa walimu wa jimbo zima, na mimi nilikuwa mmoja wa watu wanane kwenye kamati ya kupanga mafunzo hayo.

Iowa ina kaunti 99, na elimu ya watu wazima inabebwa na vyuo vya jamii 15. Mpango uliokuwa mezani ulikuwa wa siku moja: wote waje Des Moines, waonyeshwe mtihani mpya kwenye projekta, wagawiwe vitabu, warudi. Niliupinga tangu mwanzo. Walimu hawa wengi wao ni wa muda, wanalipwa kwa saa wanazosimama darasani, mchana wana kazi nyingine. Anayetoka magharibi kabisa, huko mpakani na Nebraska, anaendesha zaidi ya saa mbili kufika. Na akishafika, mwalimu huyo mmoja ndiye anayefundisha kusoma, kuandika, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii, vyote, kwenye chumba kimoja chini ya kanisa au maktaba. Huwezi kumwonyesha slaidi arobaini ukasema umemfundisha.

Lakini lazima niseme na hili, kwa sababu ndilo lililonifanya nipendekeze nilichopendekeza. Dada yangu mkubwa alifanya QT kule nyumbani Tanzania, ule Mtihani wa Maarifa unaokufungulia mlango wa kufanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Alikuwa na watoto wawili. Alikuwa anafunga genge saa kumi na moja jioni, anakwenda masomo ya jioni, na mwalimu wao wa hesabu alikuwa anaruka sura. Akifika kwenye milinganyo anasema, "Hii someni wenyewe, haiji sana." Ikaja. Dada alifeli hesabu mara mbili, na mara ya pili nilimkuta amekaa kwenye ngazi za nyuma na daftari mapajani, haliangalii. Sikumsamehe yule mwalimu. Nilikuja nayo hasira ile Marekani, nikakaa nayo kwenye kamati.

Kwa hiyo nikasema, kabla ya kupanga chochote tuite walimu wachache, tuwape mtihani wenyewe. Waketi kwenye kiti cha mwanafunzi, waangalie saa. Tutajua wapi wanahitaji msaada. Wenzangu wakakubali. Tukaita walimu kumi na wanne, tukawaambia ni mjadala wa maandalizi. Hatukuwaambia kuna jaribio.

Naikumbuka ile asubuhi vizuri mno. Mahindi yalikuwa yanavunwa, na waliotoka mashambani walikuwa na vumbi la barabarani kwenye magari yao. Chumba kilinuka kahawa na maka peni. Nikagawa karatasi, swali moja kila ukurasa, maswali kumi na mawili, penseli mpya za njano, vikokotoo na ile karatasi ya kanuni. Nikasema dakika ishirini na tano. Nikawasha saa kwenye projekta, ile inayohesabu kurudi nyuma, kubwa ukutani kila mtu aione.

Yeye alikuwa amekaa meza ya pili upande wa dirishani. Mama wa makamo, sweta ya bluu, miwani imening'inia kwa mnyororo. Nilikuwa namjua kwa sifa. Alikuwa amefundisha watu wazima zaidi ya miaka ishirini katika kaunti moja ya kusini, na wakurugenzi walikuwa wakimtaja kama mfano. Akavaa miwani, akasoma ukurasa wa kwanza, akaandika. Akasimama. Akafuta. Akapuliza vile vipande vya kifutio, akavikusanya kwa kiganja mpaka ukingoni mwa meza, taratibu, kama mtu anayekusanya chumvi iliyomwagika. Akaandika tena, akafuta tena. Wenzake walikuwa wameshafika ukurasa wa tatu, wa nne. Ulikuwa unasikia kila karatasi inavyogeuzwa. Kila karatasi ikigeuzwa aliinua macho kidogo, akatazama saa ukutani, akarudi. Shingo yake ilikuwa imeiva. Mimi nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka alipo na sikufanya kitu. Mwalimu wa hesabu anajua kabisa uso ule ni wa nini. Nimeuona kwa wanafunzi wangu miaka yote, na mwanafunzi akifikia hapo mimi huinama pembeni yake nikamwambia, tuanze na wewe na fundi tu, amekuja, hajagusa bomba, unadaiwa ngapi? Kwake sikuinama. Nilifikiri, yeye ni mwalimu, nitamwaibisha. Nikaiacha saa ikimwaibisha.

Zilipobaki dakika kumi na sita aliweka penseli sambamba na ukingo wa karatasi, akachukua mkoba, akatoka.

Nilimkuta kwenye korido karibu na bomba la maji ya kunywa. Hakuwa analia. Akaniambia, bila kunitazama, "Wanafunzi wangu huwa wanafaulu. Kusoma na kuandika nawafundisha mimi. Hesabu nawapa kitabu, kuna kijana mmoja kila mwaka anakuwa mwepesi, anawasaidia wenzake. Sijawahi kumwambia mtu." Nikamwambia pole. Akasema, "Mngeniambia tu kwamba kuna mtihani. Ningekuja nimejiandaa." Halafu akaniuliza njia fupi ya kutokea maegeshoni.

Hapo mbele yangu alikuwa amesimama yule mwalimu wa dada. Yule aliyesema someni wenyewe, haiji sana. Miaka yote nilikuwa nimempa sura ya mtu mvivu.

Mengine yalikwenda haraka. Alasiri ile ile tulibadilisha mpango. Nilisema mkutano wa kwanza wa hesabu usiwe na jaribio lolote, usiwe na saa, na walimu wafanye maswali wawili wawili wakizungumza. Nilisema twende kwao, mafunzo yafanyike kwenye vyuo vya mikoani, jioni, na saa zile zilipwe. Niliomba jioni sita, tukapata tatu, na kwa maeneo mengine mbili. Mmoja akasema muda hautoshi, na ni kweli haukutosha. Mtihani mpya ulikuwa umepangwa kuongezewa uzito hatua kwa hatua, mwaka baada ya mwaka, kwa hiyo tulijua hata tukiwafundisha aljebra ya mwaka huu, ya mwaka ujao inakuja. Katikati ya yote hayo darasani kwangu kulikuwa kumejaa watu wanaokimbizana na Desemba, maana aliyekuwa amefaulu sehemu nne za toleo la zamani bila ya tano alikuwa hatarini kuzipoteza zote. Kuna kaka mmoja wa Bukavu, anafanya kazi usiku kiwanda cha nyama, alikuwa amebakiza hesabu. Kila jioni ananiuliza, "Mwalimu, ni kweli ile mutihani inakufa tarehe makumi tatu na moja?" Alifaulu tarehe 19, na nilimkumbatia mbele za watu.

Mafunzo ya kusini yalifanyika Ottumwa mwezi Februari. Sikuyaongoza mimi, yalipangiwa mwenzangu. Aliporudi nilimwomba fomu ya mahudhurio nikijidai nahakiki hesabu ya vitabu. Jina lake lilikuwepo, limechapwa, mstari wa saba. Nafasi ya sahihi ilikuwa tupu. Inawezekana theluji ilimzuia, mwezi ule barabara zilikuwa mbaya. Inawezekana alikuja akasahau kusaini, watu husahau. Ningeweza kumpigia simu mkurugenzi wake nikauliza, na mara mbili niliishika simu, lakini swali lenyewe lingemfanya mkurugenzi aulize kwa nini nauliza, na lile alilonieleza kwenye korido hakulieleza liende mbele.

Wenzangu wa kamati huwa wananiambia kwamba asubuhi ile ndiyo iliyookoa mpango. Bila kuona vile, wanasema, tungeishia na slaidi. Sina la kuwajibu. Mpango ulikuwa mzuri zaidi, walimu wengi walinishukuru, na bado naona vile vipande vya kifutio vikisukumwa mpaka ukingoni mwa meza.

Kitinda mimba alikuwa ameshachukua penseli yake. Akasema hii ni rahisi, Mama, ni saa nne, nimalizie? Nikaichukua karatasi mkononi mwake, pengine kwa haraka kuliko ilivyostahili, maana alinitazama. Nikamwambia atafute kadi ya chanjo. Nikairudisha kwenye faili la kijani.