Mafundi batiki tisa, tangi moja la maji machafu

Nyuma ya uwanja wetu hapa Dar es Salaam kuna mfereji unaokwenda hadi mto Msimbazi, na kando ya mto huo watu wanalima mchicha. Tuko mafundi batiki tisa, kila mtu na jiko lake na mabeseni yake, na kwa miaka mingi maji yetu ya rangi yaliingia mferejini hivyo hivyo. Nikiona yamekuwa ya zambarau nilijua ni nani aliyechovya siku hiyo. Mara nyingine alikuwa mimi. Mjumbe alipotuletea malalamiko ya majirani, hakuna aliyebisha.

Kujenga sehemu ya kusafishia maji hayo peke yako haiwezekani kwa mtaji wetu. Tukachanga kupitia VICOBA, tukanunua matangi mawili ya lita 1,000, na maji yote tukayamwaga katika tangi moja. Nikaenda Kariakoo kununua shabu, maana toka utotoni nimeona bibi akisafishia maji ya kisima. Nikatia, nikakoroga, nikangoja. Rangi haikutulia hata kidogo. Mwenzetu mmoja akasema tatizo ni ukali wa kostiki, ile soda kali tunayotia kwenye beseni la rangi, akamimina asidi ya betri. Moshi wa kiberiti ukatukaba koo, tukakimbilia barabarani na watoto. Siku ile nilitaka kuacha kabisa.

Aliyetuokoa ni fundi wa maabara, ndugu wa mmoja wetu. Alipima kwa karatasi za pH, zinazoonyesha maji yameelemea asidi au kostiki, 7 ikiwa katikati; ikasoma 12. Akatueleza kwamba shabu haifanyi kazi kwenye maji makali kiasi hicho, inayeyuka tu na kupotea. Moshi ule ulitokana na asidi kukutana na haidrosalfaiti, ule unga tunaotia ili rangi iyeyuke, ambayo ilikuwa haijaisha nguvu. Kisha akauliza: kitambaa kikitoka kwenye beseni la bluu huwa na rangi gani? Tukamjibu kinatoka kijani cha manjano, kikipigwa na hewa ndipo kinageuka bluu. Akasema basi dawa mnayo. Hewa inaimaliza haidrosalfaiti na kuirudisha rangi katika hali ya kutoyeyuka, kwa hiyo rangi nyingi itazama yenyewe.

Tangu hapo hatuchanganyi ovyo. Maji ya kutoa nta yanapoa kwanza kwenye pipa lake. Nta inaganda juu, tunaikusanya na kuitumia tena, na hilo peke yake limepunguza manung'uniko ya michango. Maji ya beseni la rangi yanaingia tangi la kwanza, yanakorogwa mara kwa mara hadi jioni, yanalala. Asubuhi ninatia asidi iliyozimuliwa kidogo kidogo mpaka karatasi isome 7, ndipo shabu inaingia. Vinaonekana vipande kama maziwa yaliyoganda, vinashuka. Maji ya juu yanapita kwenye kokoto na mchanga. Maji ya kusuuza hayana ukali huo, yanaingia tangi la pili.

Kilichotutesa zaidi ni hela. Mwanzoni kila mtu alitoa sawa, anayechovya vitambaa vitano na anayechovya sitini. Wadogo wakaanza kumwaga usiku mferejini, na siwalaumu. Sasa tunahesabu ndoo: ya beseni la rangi inalipiwa mara tatu ya ile ya kusuuza, kwa sababu ndiyo inayokula asidi na shabu. Daftari linaning'inia pale pale kwenye tangi, kila mtu analiona.

Kiwango cha taifa kinataka pH kati ya 6.5 na 8.5, na hapo tunafika. Chumvi iliyomo kwenye maji haya haitoki kwa shabu wala mchanga, kwa hiyo nilimkatalia jirani aliyetaka maji haya amwagilie mchicha, ingawa yalikuwa meupe. Tunayarudia kwenye usuuzaji wa kwanza. Tope lililokauka liko kwenye viroba stoo, juu ya mbao, likisubiri mtu mwenye kibali cha kulichukua.