Pauni 72 za kukwanguliwa ugaga

Pauni 72. Sikung'olewa jino, sikuzibwa, sikuandikiwa hata dawa ya kusukutua. Nusu saa kwenye kiti, na mtu mwenyewe wala si daktari. Wa Tanga mnaonisoma, pigeni hesabu: kwa hela hiyo hapo nyumbani unang'oa meno ya mtaa mzima na nauli ya bajaji inabaki.

Kisa ni fizi. Nikipiga mswaki sinki linakuwa jekundu, na mke wangu ameanza kulala kanipa mgongo. Kliniki tatu za meno hapa Leicester, Uingereza, zilinijibu hazipokei wagonjwa wapya wa NHS, yaani huduma ya afya ya serikali. Ya nne ikasema nilipe mwenyewe, nitaonwa na "haijinisti". Nikauliza, huyo ndiye daktari? Hapana, ni mtaalamu wa usafi wa kinywa. Nikajisemea, yaani mfagizi. Nimekuja Ulaya kulipia kufagiwa mdomo.

Basi nikalala kitini na kiburi changu. Dada akachukua kijiti cha chuma chenye alama za milimita, akawa anakichomeka kati ya jino na fizi, mahali sita kwa kila jino, huku akimtajia msaidizi aliyekuwa kwenye kompyuta: tatu, mbili, tatu. Tatu, tatu, mbili. Nikadhani wananipangia bei. Alipofika magego ya chini: tano. Sita. Fizi yenye afya, alinieleza baadaye, mfuko wake, yaani nafasi kati ya jino na fizi, hauzidi milimita tatu. Ukizidi hapo, mara nyingi chini mle kuna ugaga, ule uchafu ulioganda kwenye jino, na mfupa unaoshika jino umeanza kuliwa. Tena meno hayaumi! Yanalegea tu kimyakimya, mpaka siku unatafuna hindi la kuchoma jino linabaki kwenye gunzi.

Kisha akaniwekea kioo nyuma ya meno ya mbele ya chini. Jamani. Chokaa ya manjano yenye ukingo mweusi, kumbukumbu ya tambuu zangu za Ngamiani, imeganda kama ile ya ndani ya birika. Mate yanamwagikia hapo, akasema, ndiyo maana ugaga hugandia hapo kwanza, na mswaki hauubandui hata usugue mpaka kesho. Akawasha mashine inayolia kama mbu aliyeingia sikioni, maji yanaruka, vipande vinadondoka. Nilipokunja vidole vya miguu akasema, "Pole." Pole! Kumbe bibi yake, Mhindi wa Tanga, alihamia huku na neno hilo halijafa nyumbani kwao. Hasira yangu ikashuka, tuseme mpaka pauni 40.

Jioni nikamtumia mpwa wangu risiti. Ni tabibu meno huko Tanga, nilitegemea anionee huruma. Akanirudishia sauti, anacheka: "Shikamoo mjomba. Alikupima mifuko? Basi hukuibiwa. Mimi leo nimeng'oa 19, na hakuna hata mmoja aliyekuja kusafishwa. Wanakuja shavu limevimba, karafuu wameshaweka, chumvi wameshaweka, wanasema tu, toa."

Na hapa niseme la kujivunia. Huyu mpwa wangu, kwa stashahada ya miaka mitatu, anachoma ganzi, anang'oa gego la mtu mzima, anaziba, anasafisha. Huku kazi imekatwakatwa. Haijinisti hang'oi kitu. Yule anayelingana na tabibu wetu anaziba, lakini kung'oa ni meno ya utoto tu. Ila kipande alichopewa haijinisti ni chake kweli. Tangu Mei 2013 mgonjwa anaweza kumwendea bila kupitia kwa daktari, na tangu Juni 2024 sheria inamruhusu, akishapata mafunzo yake, kukuchoma ganzi bila karatasi ya daktari. Yule dada alianza kwa kushika bomba la kunyonya mate, akarudi shule. Sasa Jumatatu na Jumanne yuko hapo, Alhamisi mji mwingine, wiki anajipangia mwenyewe. Mimi ratiba yangu ya ghala naletewa kwenye simu saa nne usiku.

Mpwa akauliza swali ambalo na nyinyi mnalo mdomoni: na cheti changu, naweza kuja kufanya kazi huko? Jibu: cheti chako hakikupi kazi ukishuka tu kwenye ndege. Bila kuandikishwa na General Dental Council, baraza linalosajili watu wa meno huku, kutibu kinywa cha mtu ni kosa la jinai, na hao watapekua ulichosoma somo kwa somo. Wakala akikwambia "njoo kwanza, usajili utajulikana hukohuko", mkimbie. Wapo waliokuja hivyo, wana vyeti vizuri kabisa, tunapanga nao maboksi zamu ya usiku.

Akanyamaza kidogo, kisha akaandika: "Haya mjomba. Ukija Desemba usiniletee pafyumu. Niletee vile vijiswaki vya kupitisha katikati ya meno, vya rangi ya chungwa. Boksi zima."

Pakiti moja nilishainunua pale kaunta siku ileile. Bei yake haimo kwenye zile 72.