Harufu ya Mayai Viza

Jana magharibi mimi na binti yangu tulipita nyuma ya soko tukielekea kwa bibi yake. Pale kwa kijana anayechaji betri, mlango ulikuwa umerudishwa, na harufu ikapenya chini yake ikatukuta njiani. Binti yangu akaziba pua.

"Mama, nani amevunja mayai viza?"

Si mayai; ni betri inayochemka. Niligonga, nikamwambia kijana azime chaja ukutani kwanza, ndipo afungue klipu, kisha aache mlango wazi. Ukifungua klipu huku umeme unapita, cheche inaruka, na betri inayochemka hutoa haidrojeni, ambayo ikishafika asilimia 4 tu ya hewa ya chumba huweza kulipuka. Alinisikia, Mungu ambariki. Tukaendelea na safari. Lakini harufu ile ilinifuata mpaka kwa mama, na chai ikapoa mbele yangu nikimsimulia mtoto habari za banda la ami kule Shela ya Malindi, usiku wa kigari chake cheupe cha umeme.

Mnaokikumbuka kile kigari mnajua ami alivyokipenda. Betri nane za asidi na madini ya risasi, kila moja volti 6, zimeungwa kwa mfululizo kupata volti 48. Kilikuja kwa meli kikiwa kimeshatumika katika nchi ya baridi, na ami akakigeuza kiwe cha Malindi. Chini alikipaka grisi kwa sababu ya chumvi. Sanduku la betri alilitoboa matundu ya hewa na kulifunga feni mbili ndogo za kompyuta. Juu ya paa akaweka kichanja cha mvule cha kubebea nyavu. Kikijaa vizuri kilikwenda Mambrui na kurudi, kilomita 30 hivi, na kipimo hakijashuka nusu.

Kisha kikaanza kuchoka. Mwaka mmoja kabla ya usiku ninaousema, ami alinunua betri mbili mpya, za zamani akaziuza kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kikapona miezi michache. Kaskazi iliporudi, na joto lake, kikachoka tena, na siku hiyo alasiri kikazimika kikipanda kutoka daraja la Sabaki. Kikavutwa kwa kamba mpaka nyumbani.

Ami alishuka akasema, "Bahari imekila, mwanangu. Hakikuumbiwa hapa."

Mimi nilishuku nati. Katika betri zilizoungwa kwa mfululizo, mkondo mzima hupita kila kiungo, na kiungo kimoja kilicholegea huziangusha zote. Kupanda mlima ule mdogo kigari kilikuwa kikivuta ampia 150. Kiungo kikipoteza volti 0.6 tu, zidisha: ni wati 90 za joto mahali padogo kuliko kidole gumba. Risasi inaanza kulainika, nati inalegea zaidi, joto linaongezeka. Kwa hiyo tulianza hapo. Tulivua pete na saa. Spana ya 13 tukaizungushia utepe wa umeme mpini wote, kwa kuwa spana ikigusa vichwa viwili vya betri kwa pamoja hushika kama imelehemiwa. Ungaunga mweupe wa kwenye viungo tuliusugua kwa maji ya magadi, yaleyale ya maharagwe, vijiko viwili kwa nusu lita, mpaka yakaacha kutoa povu. Vifuniko vya betri viwe vimekazwa wakati huo, maana tone la magadi likiingia ndani linaua asidi inayohitajika. Suuza, kausha, kaza bila kutumia nguvu nyingi, paka Vaselini. Viungo vyote vilikuwa sawa. Nikachomeka chaja, tukaenda kuswali.

Baada ya Isha ndipo harufu ilipotujia uani.

Nilizima, nikafungua milango yote, tukangoja nusu saa. Nikawasha tena kwa dakika chache huku feni zikizunguka, nikaweka mita kwenye ncha mbili za betri zote. Volti 63.0.

Hapo ndipo ningependa msomaji anayetunza gari la namna hii asimame nami kidogo. Kila betri ya volti 6 ina vyumba vitatu vya volti 2, viitwavyo seli, kwa hiyo betri nane zina seli 24. Kwa betri zile, chaja inapofikia kilele inatakiwa itoe volti 2.45 kwa kila seli, yaani 58.8, kwa joto la nyuzi 25. Joto likizidi, volti inapaswa kushuka, kiasi cha volti 0.005 kwa kila seli kwa kila nyuzi moja. Kwa seli 24 hiyo ni volti 0.12 kwa kila nyuzi. Banda la ami usiku ule lilikuwa na nyuzi 31. Nyuzi sita za ziada, toa volti 0.72, unabaki na 58.1 hivi. Chaja ilikuwa ikisukuma karibu volti tano zaidi ya hapo. Volti tano hizo hazihifadhiwi popote. Zinayachambua maji yawe gesi, zinapasha joto mabamba ya risasi yaliyomo ndani, na asidi inapochemka hivyo kwenye betri iliyochoka ndipo harufu ya salfa inapotoka.

Nikapima moja moja. Saba zilisoma kati ya 7.7 na 7.8. Ya tano ilisoma 8.6. Mtu akiona namba kubwa hudhani hiyo ndiyo yenye nguvu, kumbe betri iliyokauka ndani huzuia mkondo na kujivutia volti nyingi kuliko wenzake. Nikazima. Nikafungua vifuniko vya ya tano, nikamulika kwa tochi. Mabamba yalikuwa yamechomoza juu ya maji kama miamba ya Silversands maji yakipwa, na juu yake utando mkavu wa kijivu.

"Tia maji," ami akasema.

Nilitia, lakini kiasi cha kufunika mabamba tu. Kabla ya kuchaji hutii zaidi ya hapo, kwa sababu asidi huvimba ikichajiwa, na ukijaza mpaka juu itafurika na kuanza kula chuma cha sanduku. Ukishamaliza kuchaji ndipo unajaza mpaka milimita 3 chini ya mdomo wa shimo. Na maji yawe yale yaliyokenekwa, yaani ya mvuke uliopozwa, yasiyo na chumvi. Ya kisima cha mjini kwetu yana chumvi, na kuyachemsha hakuondoi chumvi hiyo. Usiku ule betri nane zilikunywa lita nne na nusu. Mwezi mmoja kabla ami alikuwa amezijaza. Hesabu hiyo peke yake ingetosha kutuamsha mapema.

Sasa swali lilikuwa moja: kwa nini chaja inasukuma volti 63?

Kati ya betri ya nne na ya tano, pale katikati penye joto kuliko pote, palikuwa na kijiti cha plastiki kidogo kama kokwa ya tende, kimefungwa kwa boliti, kinatoa nyaya mbili nyembamba kwenda kwenye chaja. Ni kipimajoto. Ndani yake mna rezista, kifaa kinachozuia umeme kwa kiasi, na uzuiaji huo, yaani ukinzani, hubadilika kwa joto. Kwa nyuzi 25 ina kiloomu 10. Joto likipanda inapungua, baridi ikizidi inaongezeka. Chaja inasoma ukinzani huo na kujua iongeze au ipunguze volti. Nilichomoa plagi yake upande wa chaja nikapima. Mita haikusoma kitu, kama nyaya zimekatwa. Nikapima pale pale kwenye kijiti: kiloomu 7.7, sawasawa kabisa kwa nyuzi 31. Kijiti kilikuwa hai.

Ami akashika tochi. Nilipitisha kisu juu ya ngozi nyeusi ya waya, taratibu, kuanzia kwenye plagi. Ngozi ilikuwa laini na nzima, huwezi kudhani. Ilipofunguka, shaba haikuwemo. Palikuwa na ungaunga wa kijani unaoelekea weusi, mkavu, kama hina iliyosahaulika kwenye bakuli siku mbili baada ya harusi. Nikaukwangua kwa kucha, ukamwagika kwenye kiganja changu. Nikaendelea kuchana, vidole vinne, vidole sita, bado hina. Mvuke wa asidi na hewa ya chumvi vilikuwa vimeingia kupitia plagi na kutambaa ndani ya ngozi, shaba ikaliwa sentimita kwa sentimita bila alama yoyote nje. Kwenye urefu wa shibiri moja ndipo uzi wa kwanza mwekundu ulipong'aa.

Waya uliokatika ni ukinzani usio na mwisho, na kwa chaja ile, ukinzani mkubwa maana yake ni baridi kali. Volti 63.0 ni 58.8 na nyongeza ya 4.2, na 4.2 ukigawa kwa 0.12 unapata nyuzi 35 chini ya 25. Chaja iliamini iko mahali penye nyuzi 10 chini ya sifuri. Katika banda la Shela, kaskazi imepamba moto, ilikuwa ikizipikia betri kama zimelala kwenye theluji.

Nilimwonyesha ami hesabu hiyo kwa chaki ukutani. Hakusema neno. Alikwenda ndani akaleta redio yake iliyokufa, tukaifungua, tukatafuta rezista yenye mistari ya kahawia, nyeusi na chungwa, ambayo ni kiloomu 10. Nikaitia lehemu kwenye plagi badala ya kijiti. Hiyo ni dawa ya usiku mmoja tu, kwa sababu inaidanganya chaja kwamba joto ni nyuzi 25 daima, lakini ni uongo mdogo kuliko ule wa theluji. Nikawasha. Volti zikapanda: 56, 57, 58. Zikafika 58.8 zikasimama. Harufu ikaanza kuondoka uani.

Ami alikuwa amekaa kwenye kigoda, tochi bado inawaka mkononi ingawa taa ya banda ilitosha.

"Zile mbili za mwaka jana," akasema, "zilikuwa na kosa gani, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Hatukuzipima seli kwa seli. Tulisikia kigari kinachoka, tukaona ni kuukuu, tukaziuza.

Yaliyobaki yalikuwa ya haraka. Asubuhi fundi wa mashine za boti alitupatia mita mbili za waya uliopakwa bati, ule ambao chumvi inauchelewa. Tuliungia kijiti kwa lehemu, tukafunika kwa mpira wa kubana wenye gundi ndani, na safari hii waya ukapita juu, mbali na mvuke. Chaja ikatulia kwenye 58.1. Kwa betri ya tano tulifanya kazi usiku tatu: kuichaji peke yake kwa volti za juu kidogo, kupima kila saa kwa haidromita, chombo kinachosoma uzito wa asidi kuonyesha chaji ya seli, mkono ubavuni kuangalia isizidi moto, na kuacha pale namba ilipogoma kupanda. Seli mbili zilisimama 1.265. Moja iliyokuwa 1.180 ilifika 1.240, ikakataa zaidi. Hata hivyo kigari kilirudi Mambrui, na kikaendelea kwenda mpaka ami alipofariki, Mungu amrehemu. Kiliuzwa Watamu.

Tangu hapo, mtu akiniambia betri zake zimekufa, naanza na waya. Labda ninapoteza muda wake. Mara nyingi betri imekufa kweli, mabamba yameshamong'onyoka, na nikimaliza kupima nyaya zote nabaki kumwambia alichokijua alipokuja. Bado naanza na waya.

Binti yangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali lile lile la ami, kwa maneno yake: zile mbili zilizouzwa kwa kilo, zilikuwa zimekufa au tuliziua sisi? Nikamwambia sijui. Akaniangalia kwa muda, kama anangoja niongeze.

Leo asubuhi tulirudi kwa yule kijana. Betri ya jana bado ilikuwa mezani, ubavu wake umevimba. Nilimuuliza kama chaja yake ina waya mwembamba wa kupima joto. Akasema hajawahi kuutafuta. Binti yangu akamshikia tochi, akainama nyuma ya chaja.