Makaburi Matatu ya Mtu Mmoja

Shemeji yangu ana maradhi ya kupanga watu. Ukimpa nafasi atakupangia wacheza mpira, wapishi wa pilau, hata mashangazi: nani wa kwanza, nani avute mkia. Kwa wapiga gitaa, orodha yake haijabadilika tangu nimfahamu. Hendrix, Clapton, Page, halafu wengine wote wakae pamoja huko nyuma. Yeye ni wa Lubumbashi, mimi wa Morogoro, dada yangu ndiye aliyetukutanisha, na riziki ikatumwaga sote Louisville, Kentucky. Oktoba iliyopita alipata siku nne za mapumziko kwenye ghala anakofanya kazi, akanipigia simu usiku wa manane.

"Shemeji, twende Mississippi. Nataka kuona pale Robert Johnson aliuzisha roho yake."

Nikamwambia habari ya roho siijui, ila makaburi ya huyo mpiga gitaa wa bluzi najua yalipo.

"Makaburi?"

Ndiyo, makaburi. Yako matatu.

Tulifika Memphis baada ya saa sita na ushee za barabara, tukala mbavu za nguruwe (yeye) na samaki wa kukaanga (mimi), tukapita Beale Street kama watalii wengine. Mtaa ule siku hizi ni taa, bia na vijana wa sherehe za kuaga ukapera. Kilichonishika pale ni habari ya Furry Lewis, mpiga gitaa aliyerekodi bluzi mwishoni mwa miaka ya 1920, halafu akarudi kwenye kazi yake ya kufagia barabara za jiji hilohilo kwa miongo kadhaa, hadi miaka ya 1960. Watu wakampita na ufagio wake bila kujua. Kisha wakaja vijana weupe wenye vinasa sauti, na mwaka 1975 mzee akafungua onyesho la bendi ya Rolling Stones hapo Memphis. Shemeji alinisikiliza, akauliza swali moja tu: "Walimulipa?"

Asubuhi tukaishika barabara kuu namba 61 kuelekea kusini. Aliyezoea nchi ya milima atachoka na Delta, tambarare ya Mississippi, kabla ya saa moja. Ni bapa kama meza, na Oktoba pamba imepasuka, shamba jeupe mpaka macho yanaposhindwa. Nilikulia karibu na mashamba ya mkonge, kwa hiyo najua unavyohisi kupita katikati ya zao lililonyooshwa mistari na ukawaza migongo iliyoinama humo. Tulinyamaza mwendo mrefu.

Clarksdale ina njia panda yake maarufu, 61 na 49, na katikati mlingoti wenye magitaa makubwa ya buluu. Pembeni kuna magari yanapita, kituo cha mafuta, mkahawa wa nyama choma. Shemeji alishuka, akazunguka mlingoti mara mbili, akarudi garini. "Njo hapa tu?"

Ndiyo, hapa tu, na wala hakuna anayeweza kuthibitisha kuwa ni hapa. Hadithi ya kukutana na shetani njia panda ilisimuliwa kwanza juu ya Johnson mwingine, Tommy, na msimulizi alikuwa kaka yake mwenyewe, LeDell. Robert alikuwa na jambo dogo zaidi: Son House, mpiga bluzi mwenzake, alikumbuka kijana aliyekuwa akiwaudhi watu kwa gitaa baya, akapotea kwa muda, akarudi anapiga vizuri kupita kiasi. Kwetu tungesema alikwenda kwa fundi akajifunza. Wapenzi wa muziki wa baadaye wakachukua shetani wa Tommy wakamvalisha Robert, kwa sababu Robert alikufa na miaka 27, mwaka 1938, akiacha picha za kuhesabika kwa vidole na nyimbo 29 tu. Mtu akiacha machache, waliobaki wanapata nafasi kubwa ya kujaza.

Ndani ya Delta Blues Museum, lililokuwa bohari la reli, wameweka kibanda cha mbao alichokaa mpiga bluzi Muddy Waters katika shamba la Stovall, ambako mkusanyaji wa nyimbo Alan Lomax alimrekodi mwaka 1941 kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Tulisimama mbele ya zile mbao muda mrefu. Lakini nilichotaka shemeji akijue hakikuwa mle kwenye vioo. Miaka hiyohiyo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Fisk waliingia kwenye vilabu vya Weusi hapahapa Clarksdale, wakaandika santuri zilizokuwa ndani ya mashine za muziki. Walikuta Count Basie, walikuta Louis Jordan, walikuta Fats Waller. Robert Johnson, ambaye alikuwa amekufa miaka mitatu tu kabla, tena si mbali na hapo, hakuwamo.

"Haiwezekani," akasema shemeji.

Inawezekana. Wimbo wake uliouza kuliko yote, *Terraplane Blues*, ulitoka kwa nakala elfu chache. Weusi wa miaka ya 1930 waliokuwa na senti ya kununua santuri walitaka Leroy Carr, na walitaka Lonnie Johnson. Huyu Lonnie ndiye dawa niliyombebea shemeji kwa ajili ya orodha yake. Tulipotoka nikamwekea kwenye redio ya gari. Ni mtu aliyerekodi na Louis Armstrong mwaka 1927 na Duke Ellington mwaka 1928, akipiga solo ya uzi mmoja mmoja wakati wenzake wengi walikuwa bado wanakung'uta nyuzi zote kwa pamoja. Robert alimuiga waziwazi katika nyimbo zake mbili au zaidi. Mwaka 1948 Lonnie akawa na wimbo ulioshika namba moja kwenye chati za Weusi wiki saba. Mwaka 1959 mtangazaji mmoja akamkuta Philadelphia, anafanya usafi hotelini.

Sasa ona maajabu. Walipomrudisha jukwaani, mashabiki wapya hawakujua wamfanye nini. Walitaka mzee wa shambani, mwenye sauti ya kukwaruza na suruali ya kazi. Lonnie akaja na suti, akataka kuimba nyimbo laini za mapenzi, kwa sababu ndivyo alivyokuwa siku zote, fundi wa mjini. Wakamsikiliza kwa adabu. Mpaka leo, mwanafunzi wake Robert ana stempu ya posta na yeye ni jina la wajuzi. Mimi naona kosa lake lilikuwa kuishi. Angekufa kijana mwaka 1930, angekuwa na makaburi manne.

Usiku, tukila kwenye hoteli yetu ya bei ya huruma, shemeji aliamua kumtetea Clapton, ingawa hakuna aliyekuwa amemshitaki. Alikumbusha ukuta wa London ulioandikwa katikati ya miaka ya 1960 kuwa Clapton ni Mungu. Akakumbusha kwamba bila Cream, bendi ya Clapton, kuupiga *Cross Road Blues* kwa kelele, yeye kule Lubumbashi asingelijua hata jina la Johnson. Hilo ni kweli, na nilikubali. Santuri iliyokusanya nyimbo za Johnson mwaka 1961 iliuzwa kwa wachache Marekani, lakini ilianguka mikononi mwa vijana wa Uingereza, nao ndio waliomfanya mfalme.

Nikafungua simu nikamsomea jarida la Rolling Stone, maana na wao wana maradhi yake ya kupanga watu. Mwaka 2003 walimweka Clapton wa nne na Johnson wa tano. Mwaka 2011 Clapton akapanda hadi wa pili, Johnson akaporomoka hadi wa 71. Mwaka 2023 Clapton akawa wa 35, na nafasi ya sita akakaa Sister Rosetta Tharpe, mama wa Kilokole kutoka Cotton Plant, Arkansas, aliyekuwa akipiga nyimbo za kanisa kwa gitaa la umeme wakati Clapton hajaota meno.

"Vidole vya Clapton vimebadilika?" akauliza shemeji kwa hasira.

Vidole ni vilevile, waliobadilika ni wapangaji. Nikamkumbusha pia Birmingham, Agosti 1976, Clapton akiwa amelewa jukwaani, akiwaambia wageni na Weusi waondoke Uingereza, akimsifu Enoch Powell, mwanasiasa aliyepinga wahamiaji. Baadaye alisema anaona aibu, lakini maneno yale ndiyo yaliyozaa vuguvugu la Rock Against Racism, la wanamuziki kupinga ubaguzi. Shemeji alikuwa hajawahi kuyasikia. Aliweka uma chini. Sisi wawili, wahamiaji, weusi tii, tulikuwa tunakula Clarksdale, Mississippi. Hakusema kitu mpaka tulipozima taa, ndipo akasema gizani: "Ila ile solo ya *Crossroads* iko mzuri, shemeji." Iko nzuri, nikamjibu. Na iko nzuri kweli.

Siku ya tatu ilikuwa ya makaburi. Alikuwa amenunua vipande vitatu vya plastiki vya kupigia gitaa, kimoja kwa kila kaburi, "ili mwenyewe asikose."

Ukitoka mji wa Greenwood kwenda kaskazini kwa barabara ya Money, mwendo mfupi tu, kuna kanisa dogo jeupe, Little Zion. Nyuma yake, chini ya mti, ndipo wengi siku hizi wanapoamini Robert alizikwa. Mama mmoja mzee alisema mumewe ndiye aliyechimba shimo. Cheti cha kifo kinasema alizikwa "Zion Church", na Delta ina Zion kama Pwani ilivyo na minazi. Juu ya jiwe tulikuta senti, chupa za pombe zilizobaki nusu, nyuzi za gitaa zilizoviringwa. Shemeji akaweka kipande cha kwanza, akafanya ishara ya msalaba.

Tukaendelea na barabara hiyohiyo, kwa sababu sikuweza kugeuza gari bila kufika mwisho wake. Kule mbele, Money, kuna magofu ya duka lililofunikwa na mimea. Ndipo Emmett Till, mtoto wa miaka 14 kutoka Chicago, alipodaiwa kumkosea adabu mwanamke mweupe, Agosti 1955, na siku chache baadaye akauawa. Hakuna aliyeacha kipande cha gitaa pale. Tulikaa dakika chache, injini ikiwa inanguruma, tukageuza.

Kaburi la pili liko kanisa la Payne Chapel, upande wa kitongoji cha Quito. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na udongo wa Delta ukilowa ni kama ugali mbichi. Nilisogeza gari pembeni kwa heshima, tairi mbili zikazama. Tulisukuma nusu saa nzima, shemeji akilaani kwa Kiswahili, Kifaransa na Kibemba, mpaka akaja bwana mmoja wa makamo na pikapu na mnyororo. Alituvuta bila kuuliza bei. Aliuliza tu tumetoka wapi, tulipomwambia Tanzania na Kongo akacheka sana, akasema wiki iliyopita aliwavuta Wajapani. Nikamuuliza yeye anaamini kaburi lipi. Akasema babu yake hakuwahi kumtaja Robert Johnson hata siku moja. Kipande cha pili kikawekwa kwa mikono yenye tope.

La tatu, Mount Zion karibu na Morgan City, ndilo lenye fahari. Ni mnara wa jiwe uliosimamishwa mwaka 1991, na kampuni ya rekodi ilichangia. Mwaka mmoja kabla, mkusanyiko wa nyimbo zake zote ulikuwa umetoka, na kinyume cha matarajio ya kila mtu ukauza zaidi ya nakala milioni. Kwa hiyo hapa ndipo pesa ilipomzika, hata kama mwili hauko. Tulikaa kwenye nyasi tukala machungwa.

Jioni tukarudi kaskazini kwa barabara namba 7, tukapita Avalon, ambapo hakuna mji, ni miti tu na kibao. Hapo alikaa mpiga gitaa Mississippi John Hurt. Alirekodi mwaka 1928, santuri hazikuuzika, akarudi kulima na kuchunga ng'ombe miaka 35. Katika wimbo mmoja alitaja Avalon kuwa ni kwao. Mwaka 1963 kijana mmoja akafuata jina hilo kwenye ramani, akamkuta yu hai, vidole vyake vikiwa bado laini. Mwaka huohuo alipiga kwenye tamasha la Newport, na mwaka 1966 akafa. Nilimwambia shemeji kwamba kwenye tamasha hilohilo la Newport, mwaka 1969, alipanda mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco wa Katanga, yule wa wimbo *Masanga*.

Shemeji alipunguza mwendo.

"Wa kwetu?"

Wa kwenu, nikasema. Mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, na mpaka leo kuna Wazungu wanaojifunza vidole vyake.

"Baba yangu alikuwa na ile santuri. Siye tulikuwa tunamucheka, tunasema ni muziki ya bazee." Aliendesha kidogo. "Na hata haiko mu liste yangu."

Akaniomba nimrudishie Lonnie Johnson. Tulivuka Grenada giza limeshaingia, ile solo ya uzi mmoja ikitembea mbele ya taa za gari, tukashika barabara kubwa ya Memphis. Shemeji akauliza huyu naye kaburi lake liko wapi. Nikamwambia alifia Toronto mwaka 1970, familia ikamrudisha Philadelphia. Sister Rosetta naye yuko Philadelphia, zaidi ya miaka 30 bila jiwe, mpaka mashabiki walipochanga.

"Toka Louisville mpaka Philadelphia ni saa ngapi?"

"Kumi na moja hivi. Ukiendesha wewe, kumi na tatu."

Alipapasa mfuko wa shati kutafuta kipande cha plastiki, akakumbuka vyote vitatu ameviacha kwa mtu mmoja.